Matatizo ya Makabati ya Mbao Nyumbani: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Katika kazi yangu ya kukarabati makabati majumbani, katika miji ya pwani ambako hewa haikauki kabisa hata wakati wa kaskazi, malalamiko yanayonifikia ni yale yale kila mwaka: kabati la jikoni linanata, kabati la nguo linanuka, mlango hauingii mahali pake, unga unadondoka chini ya rafu. Mengi ya matatizo hayo huanza na maji, yawe ya bomba, ya ukuta au ya hewa yenyewe, na mengi huzidishwa na dawa ya kwanza ambayo mwenye nyumba aliipaka kabla ya kujua maji yanatoka wapi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye dalili inayoonekana, unakwenda kwenye kisababishi kinachotokea mara nyingi zaidi, kisha kwenye vile vya nadra, na unaeleza mahali ambapo mwenye nyumba anapaswa kuweka bisibisi chini na kumwita fundi.

Kwanza: tambua mbao na kilichopakwa juu yake

Kabati la mninga, mvule, mkongo au mtiki halitunzwi kama la paini, na hayo yote hayatunzwi kama kabati la MDF au chipbodi lililobandikwa karatasi yenye sura ya mbao. Ili kutofautisha, fungua mlango utazame ukingo wake, au tazama ndani ya tundu la skrubu. Katika mbao halisi mistari ya uso hupita hadi kwenye ukingo; chipbodi huonyesha vipande vidogo vilivyogandamizwa pamoja; MDF huonyesha unga wa kahawia uliobanwa kama kadibodi nene.

Kisha chukua tone la spiriti ulipake mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya mlango, na usubiri dakika moja. Uso ukilainika na kunata, kabati lilipigwa polishi ile inayoyeyushwa kwa spiriti. Ukibaki mgumu, jaribu tone la tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi. Likilainisha, hiyo ni laka. Kama vyote viwili havifanyi kitu, mara nyingi unashughulika na vanishi ngumu ya kisasa. Jaribio hili huchukua dakika chache tu, nami sijawahi kujuta kulifanya, kwa sababu dawa inayosafisha vanishi bila madhara inaweza kuikwangua polishi hadi kwenye mbao tupu.

Dalili: uso wa kabati la jikoni unanata na umepata rangi ya manjano au weusi

Kisababishi cha kawaida ni mvuke wa mafuta ya kupikia ambao hupanda, hupoa juu ya milango iliyo karibu na jiko, kisha hushika vumbi. Mahali panapopikwa kwa mkaa au mafuta ya taa, utando huo huchanganyika na masizi. Anza na masizi, nayo yaondolewe yakiwa makavu kwa brashi laini, kwa sababu kitambaa chenye maji huyasukuma ndani ya vinyweleo vya mbao na kuacha kivuli ambacho hakitoki tena kirahisi.

Baada ya hapo changanya kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita moja ya maji ya uvuguvugu, chovya kitambaa laini, ukikamue hadi kisitoe tone, na ufute kwa kufuata mistari ya mbao. Futa tena kwa kitambaa kingine chenye maji safi kilichokamuliwa vivyo hivyo, kisha ukaushe papo hapo kwa kitambaa cha tatu. Kwenye pembe na kuzunguka vishikio tumia brashi ya meno ya zamani. Utando uliokomaa huhitaji kurudiwa mara mbili au tatu. Kurudia kwa upole ni bora kuliko kusugua kwa nguvu mara moja.

Utando ukikataa, unaweza kutumia bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, iliyolowanishwa kidogo hadi iwe kama uji mzito, lakini ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, kwa kuwa huweza kufifisha mng'ao na kuzitia weusi mbao zilizokosa vanishi. Magadi soda ni kitu kingine, ni makali zaidi, na hayafai kwenye mbao. Steelwuli, yaani nyuzi za chuma za kusugulia, pia isitumike pamoja na maji: nyuzi zake ndogo hubaki ndani ya mbao, hushika kutu na kuacha madoa meusi.

Kisababishi cha pili ni mafuta yaliyopakwa na mwenye nyumba mwenyewe ili kabati ling'ae. Nimekuta makabati mazuri ya mninga yaliyopakwa mafuta ya alizeti kila Ijumaa kwa miaka, kwa nia njema kabisa. Mafuta ya kupikia hayakauki kama vanishi. Hubaki juu, huchacha, hunuka, na huwa gundi ya kila vumbi linalopita. Marekebisho ni yale yale ya sabuni, ila huchukua siku kadhaa. Baada ya hapo, kama unataka mng'ao, tumia nta ya samani kidogo sana, mara mbili kwa mwaka, ukiipangusa yote iliyozidi.

Kisababishi cha nadra ni vanishi yenyewe kuchoka. Ukisafisha vizuri na uso bado ni laini kiasi kwamba ukucha unaacha alama, tatizo si uchafu tena. Hapo kabati linahitaji kuvuliwa vanishi na kupigwa upya, na kama ni kubwa, kazi hiyo apewe seremala.

Dalili: ukungu, madoa ya kijani au meupe ya unga, na harufu ya uvundo

Hili ndilo tatizo ninaloitiwa zaidi kuanzia Machi hadi Mei, wakati wa masika, na ndilo ambalo watu hulitibu vibaya zaidi. Ukungu hauotoshwi na uchafu peke yake. Unaotoshwa na unyevu ulioganda mahali pasipopita hewa, na ukiusafisha bila kuondoa unyevu huo utarudi baada ya wiki chache.

Kinachosababisha mara nyingi zaidi ni kabati kubanwa ukutani. Nafasi ya sentimita 3 hadi 5 nyuma yake, na vigingi au vipande vya mbao vya kulinyanyua kutoka sakafuni, huleta tofauti kubwa. Kinachofuata ni nguo au vyombo vinavyorudishwa ndani kabla havijakauka vizuri. Sufuria moja iliyofunikwa ikiwa na maji inatosha kuitia rafu ukungu. Cha tatu ni ukuta unaovuta maji kutoka ardhini. Nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu na Mombasa, hunyonya unyevu na chumvi, lakini hata nyumba za tofali za saruji zilizojengwa bila kizuizi cha unyevu juu ya msingi hupata shida hiyo. Cha mwisho ni bomba au paa linalovuja polepole bila mtu kujua.

Ili kujua kama unyevu unatoka ukutani au hewani, sogeza kabati, ubandike kipande cha nailoni ukutani kwa utepe pande zote nne, na ukiache siku mbili. Matone yakikusanyika upande wa nailoni unaogusa ukuta, ukuta ndio unaotoa maji. Yakikusanyika upande wa chumba, hewa ya chumba ndiyo iliyojaa unyevu, na dawa yake ni madirisha, feni na nafasi kati ya vitu.

Kusafisha kwenyewe kufanyike hivi. Toa kila kitu. Kama kabati linahamishika, lipeleke nje kivulini, si kwenye jua kali, kwa kuwa mbao iliyoloa ikikaushwa ghafla hupasuka na kupinda. Vaa barakoa na glavu, piga ukungu kwa brashi kavu, kisha ufute kwa maji ya sabuni na kitambaa kilichokamuliwa. Baada ya hapo futa kwa siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, uache milango wazi hadi mbao ikauke kabisa, jambo ambalo wakati wa masika laweza kuchukua siku mbili au tatu. Usirudishe nguo mapema kwa sababu tu harufu imepungua.

Watu wengi hukimbilia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Kwenye vigae inafaa, lakini kwenye mbao huondoa rangi ya ukungu juu tu, wakati maji yake yanazama ndani na kulisha kilichobaki. *Usiichanganye kamwe na siki, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu. Wala usiichanganye na dawa zenye amonia.* Nafthalini hufukuza nondo na kufunika harufu, lakini haiondoi unyevu. Bakuli la mkaa mkavu hupunguza harufu kwa kiasi, nao unahitaji kubadilishwa. Kuhusu kufukiza nguo kwa udi, ni desturi ninayoipenda na sina neno nayo, ila chetezo chenye kaa kisiwekwe ndani ya kabati hata kwa dakika moja.

Acha na uite fundi iwapo ukungu umeenea kupita takriban mita moja ya mraba, iwapo kuna mtu mwenye pumu ndani ya nyumba, au iwapo ukuta haukauki hata wakati wa kiangazi. Katika hali hiyo anayehitajika kwanza ni fundi wa ujenzi au fundi bomba, seremala atafuata baadaye.

Harufu moja haihusiani na ukungu hata kidogo. Kama mtungi wa gesi umewekwa ndani ya kabati la chini na ukasikia harufu kali ya gesi, funga valvu, fungua milango na madirisha, usiwashe wala usizime swichi yoyote, na utoke nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini, ndani ya kabati lililofungwa. Kabati la mtungi lazima liwe na matundu ya hewa karibu na sakafu.

Dalili: unga, punje au matundu madogo

Hapa usipulizie chochote kabla ya kutazama kilichodondoka, kwa kuwa takataka za mdudu ndizo zinazomtaja.

Unga laini kama poda, pamoja na matundu ya duara yenye upana wa milimita 1 hadi 2, ni kazi ya wadudu wabunguao mbao, ambao watu huwaita kwa pamoja dumuzi au fukusi. Hupenda sehemu nyeupe ya nje ya mti yenye wanga, na si kiini chake. Ndiyo maana kabati la mninga hushambuliwa kwenye michirizi myeupe tu, nacho kiini chekundu kikabaki salama. Seremala aliyeacha weupe huo ndani ya fremu, mara nyingi mahali palipofichika, ndiye aliyewakaribisha.

Punje ngumu, ndogo kama mbegu za mchicha, zinazodondoka katika vichuguu vidogo chini ya rafu, ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Hao huishi ndani ya mbao yenyewe na hawahitaji udongo. Ukigonga kwa mpini wa bisibisi mbao hutoa sauti ya uwazi.

Njia za udongo zinazopanda kutoka sakafuni au ukutani ni za mchwa wa ardhini. Hapo kabati ni kituo tu cha njiani. Wenyewe wako chini ya nyumba, na kulibeba kabati hadi chumba kingine hakuwamalizi.

Cha kwanza cha kufanya ni kujua kama shambulio bado lipo, kwani matundu hubaki hata baada ya wadudu kutoweka. Futa unga wote, tandika karatasi nyeupe chini, na utazame kila asubuhi kwa wiki mbili. Karatasi ikibaki safi, ziba matundu kwa nta au puti, kisha uendelee kuangalia mara moja kwa mwezi. Unga au punje mpya zikionekana mahali pamoja tu, kipande hicho kinaweza kuondolewa na kuchomwa, kisha sehemu iliyobaki ikapakwa dawa ya boroni. Dawa hiyo huingia kwenye mbao tupu tu, hivyo vanishi lazima iondolewe kwanza kwa msasa.

Dawa tatu za mtaani nazikataa waziwazi. Oili chafu ya magari, ambayo wengi huipaka kwenye nguzo za uzio, isipakwe kamwe ndani ya kabati la vyombo au la nguo, kwa kuwa ina sumu na madini mazito na huhamia kwenye chakula na ngozi. Mafuta ya taa hayafiki walipo wadudu na huiacha mbao ikisubiri cheche. Lililo baya zaidi ni vidonge vya kuhifadhia nafaka vinavyotoa gesi ya fosfini. *Vidonge hivyo visiwekwe ndani ya nyumba wanamolala watu kwa namna yoyote ile.* Gesi yake huua, na hupenya chini ya milango hadi vyumba vya jirani.

Ukiona njia za udongo, au punje zikitoka mahali zaidi ya pamoja, ita wataalamu wa kudhibiti wadudu walio na leseni, na uwaombe wakague pia fremu za milango na dari.

Dalili: mlango unakwaruza au droo haitoki

Tazama uwazi kati ya mlango na fremu kabla ya kuchukua randa. Uwazi ukipanuka juu upande wa bawaba, na mlango ukikwaruza chini upande wa kufungulia, bawaba ya juu imelegea. Hili ndilo la kawaida. Kaza skrubu. Ikizunguka bila kushika, itoe, jaza tundu kwa njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, kata zilizozidi, subiri zikauke hadi kesho yake, kisha urudishe skrubu. Mwambao wa bahari, badilisha skrubu za chuma zilizoshika kutu kwa za shaba au za chuma kisichoshika kutu.

Mlango ukibana kwa urefu wote, mbao imevimba kwa unyevu. Mbao hutanuka kwa upana na karibu haitanuki kabisa kwa urefu, kwa hiyo ubao mpana ndio unaosumbua zaidi. Katika miaka yangu ya kwanza nilipiga randa mlango wa mvule mwezi wa Aprili hadi ukafunga vizuri. Ilipofika Januari ulikuwa na ufa unaopitisha kidole, na nililazimika kuutengeneza upya kwa gharama yangu. Tangu hapo namwambia kila mwenye kabati: paka nta ya mshumaa kwenye ukingo, vumilia hadi kiangazi, na mlango ukiendelea kukwama katika ukame ndipo upigwe randa. Kingo zilizo wazi, hasa za juu na chini ambazo mafundi huzisahau, zipigwe vanishi ili mbao isinywe tena.

Kama mlango unajifungua au unajifunga wenyewe, weka pimamaji juu ya kabati. Huenda sakafu imetitia, na kabari nyembamba chini ya mguu mmoja inatosha. Mlango uliopinda kama upinde mara nyingi ulitengenezwa kwa mbao mbichi. Mbao ya samani za ndani inafaa iwe na unyevu wa takriban asilimia 10 hadi 14, na iliyopasuliwa karibuni huwa na zaidi ya asilimia 30. Upinde huo haunyooshwi nyumbani.

Droo za reli za mbao husafishwa kwa brashi kavu, zikapakwa nta ya mshumaa, si mafuta, ambayo hugeuka tope.

Dalili: madoa ya maji

Duara jeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi au polishi, nao bado haujafika kwenye mbao. Acha uso ukauke siku mbili. Doa likibaki, tandika kitambaa kikavu cha pamba, upitishe pasi ya uvuguvugu isiyo na mvuke kwa sekunde chache, uinue utazame, urudie. Kwenye MDF iliyobandikwa karatasi usithubutu, kwa kuwa joto huibandua.

Doa jeusi ni jambo zito zaidi. Maji yamefika kwenye mbao na, mara nyingi, chuma cha skrubu au kopo kimekutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao. Kulitoa huhitaji asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu, na kupiga vanishi upya. Mwachie seremala.

Dalili: chini ya sinki mbao imevimba na kupasuka kingo

Karibu kila mara ni MDF au chipbodi, na karibu kila mara ni kiungo cha bomba kinachovuja. Futa mabomba yawe makavu, zungushia kila kiungo karatasi ya chooni, fungua maji dakika tano, na uone ipi imeloa. Kilichovimba hakirudi kama kilivyokuwa. Kata ubao huo, weka mpya, na kingo zake zote zipakwe rangi ya mafuta kabla ya kuufunga.

Dalili: vanishi inababuka

Jua la dirishani ndilo la kwanza kushukiwa, kisha maji, kisha vanishi iliyopigwa juu ya nta au juu ya mtiki ambao haukufutwa mafuta yake ya asili kwa tina. Sugua kwa msasa namba 120, kisha 180, kisha 240, ukifuata mistari, umevaa barakoa. Vumbi la mvule na mninga huwasha pua na ngozi. Kabati la zamani lenye rangi usilipige msasa mkavu mbele ya watoto, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ukitumia mafuta ya linsidi kupaka mbao, tandaza vitambaa vyake nje vikauke bapa au uvizamishe majini, kwani vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe.

Dalili: kabati la ukutani linainama au limeachana na ukuta

Hapa hakuna jaribio la nyumbani. Ufa wa milimita chache tu juu, kati ya kabati na ukuta, unaonyesha kwamba skrubu zinang'oka, na kabati lililojaa sahani laweza kuanguka bila onyo lingine. Toa vyombo vyote ukianzia rafu ya juu, wazuie watoto wasipite chini yake, na umwite fundi aje na boliti za kupanukia zinazolingana na ukuta wako. Mpaka afike, kabati libaki tupu, hata likionekana limetulia.